Shule ya wavulana haijengwi kwa muhula mmoja

Na MWANDISHI WETU

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wenye watoto wa kiume huanza kuulizana maswali yale yale. Shule fulani imefanya nini hata ikapanda? Na ile nyingine, iliyokuwa ikisifiwa juzi tu, imepatwa na nini ikaporomoka? Majibu huwa mepesi. Mwalimu mkuu mpya ni mkali. Yule wa zamani alihamishwa. Wavulana wamekosa nidhamu. Shule imenunua basi na kujenga jumba la ghorofa, kwa hivyo itapanda tu.

Majibu hayo yana ukweli wake, lakini ni mdogo. Mzazi aliyewahi kuketi katika mikutano ya wazazi kwa miaka kadhaa anajua kuwa shule hufanana na shamba. Likichoka, halirudi kwa mbolea ya msimu mmoja. Lakini aghalabu shule zetu hupangiwa mambo kwa muhula, na zikijitahidi sana, kwa mwaka.

Sababu yenyewe si ngumu kuiona. Karibu kila mtu aliye shuleni ni mpitaji. Mvulana alikaa humo miaka minne chini ya mfumo wa 8-4-4, na katika mfumo mpya wa shule za upili za juu atakaa mitatu. Mzazi wake hupita naye. Wanachama wa bodi ya usimamizi, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, huteuliwa kwa miaka mitatu. Mwalimu mkuu naye huweza kuletewa barua ya uhamisho wakati wowote, na TSC haipendi akae mahali pamoja mpaka azeeke hapo. Kila mmoja kati ya hawa angependa kuonyesha kitu kabla hajaondoka. Ndiyo maana mabasi hununuliwa na malango ya fahari hujengwa, ilhali paa la bweni linavuja.

Zamani mambo hayakuwa hivyo katika baadhi ya shule. Alliance High School iliyoko Kikuyu ilifunguliwa 1926, na hadi 1962, yaani kwa miaka 36, ilikuwa na walimu wakuu wawili tu: Bw George Grieve na Bw Edward Carey Francis. Huyu wa pili, mwanahisabati kutoka Cambridge, alikuwa amefunza Maseno tangu 1928 kabla ya kuhamia Kikuyu 1940. Alipostaafu uongozi wa Alliance hakurudi kwao Uingereza kupumzika, bali alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki 1966. Mtu wa namna hiyo anaweza kupanda mti akiwa na hakika kwamba ataketi chini ya kivuli chake.

Marehemu Dkt Geoffrey Griffin wa Starehe alikaa zaidi. Pamoja na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianza kituo hicho 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, akiwapokea wavulana wa mitaani Nairobi, wengi wao wakiwa wameachwa bila makao na misukosuko ya Hali ya Hatari. Aliongoza Starehe hadi alipoaga dunia 2005. Hiyo ni miaka 46. Mengi yameandikwa kuhusu bendi yake, gwaride na usafi wa uwanja wake, lakini ninavyoona mimi, jambo lenye thamani zaidi lilikuwa baraza. Kila wiki wavulana walikutana na mkurugenzi wao, na mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliruhusiwa kusimama na kutaja linalomkera bila kuogopa kuadhibiwa. Jambo hilo halikugharimu hata senti moja, ila lilihitaji mtu wa kulishikilia mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1994 Griffin aliandika hata kitabu kuhusu uendeshaji wa shule za bweni, na kwa njia hiyo aliyoyajua hayakubaki kichwani mwake peke yake.

Shule yetu ya kawaida huko mashambani haina Griffin, na hata ikimpata haitaachiwa akae miaka 46. Kwa hivyo kile ambacho zamani kilikaa ndani ya mtu mmoja sasa hakina budi kukaa katika karatasi, na karatasi hiyo ipokezanwe mkono kwa mkono. Shule nyingi zina kitabu kiitwacho mpango mkakati wa miaka mitano. Kina picha ya lango, salamu za mwenyekiti na maneno mazuri kuhusu maono na dhamira. Aghalabu hutolewa kabatini wakaguzi wanapokuja. Mzazi akiuliza ni ukurasa gani unaosema bweni la pili litarekebishwa mwaka gani na kwa fedha zipi, hapati jibu.

Mahali pa kuanzia

Tuanze na usalama wa vijana wetu usiku. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mnamo 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni ambao unasema mambo haya waziwazi: bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa kusukumwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Hata hivyo, mnamo Septemba 2024 tulizika tena watoto 21, wavulana wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha katika kaunti ya Nyeri.

Hebu fanya hesabu, mzazi. Chukua bweni la urefu wa mita 24 na upana wa mita 8. Kitanda kina upana wa karibu sentimita 90. Ukiongeza nafasi ya mita 1.2, kila kitanda kinahitaji kama mita 2.1 za ukuta. Kila upande utaingia vitanda 11, jumla 22, na vikiwa vya ghorofa mbili ni wavulana 44. Basi. Siku ya kumtembelea mwanao, ingia bwenini uhesabu, kisha ulinganishe. Iwapo utapata 80, utajua kwamba shule hiyo haihitaji jumba la utawala kwanza.

Hapa ndipo mpango wa miaka mingi unapoonyesha faida yake. Hakuna shule iwezayo kujenga mabweni matatu kwa mwaka mmoja. Lakini inaweza kung'oa vyuma vya madirisha yote katika likizo moja, kwani kazi hiyo ni ya fundi mmoja na mashine yake ya kukata chuma. Inaweza kugeuza milango ifunguke nje mwaka huo huo. Ujenzi wenyewe ukapangiwa mwaka wa tatu na wa sita, na idadi ya wavulana wanaopokelewa ikawekewa kikomo mpaka wakati huo. Jambo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa maana kila kichwa huja na mgao wa serikali, na tangu 2018 serikali ilipotaka kila mtoto wa darasa la nane aingie shule ya upili, shule nyingi zilijaa pomoni. Bodi ikikataa kuweka kikomo hicho katika maandishi, mwalimu mkuu atashinikizwa na kila mkubwa anayepiga simu.

Maji na kuni

Baada ya moto, maji. Wavulana 600, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupikiwa, kuoga na kufua, watahitaji lita 12,000 kila siku. Pasipo maji hayo wavulana hushuka mtoni au hukaa bila kuoga, vyoo vikaziba, na ghasia huanzia hapo. Wengi wetu hukimbilia wazo la kisima cha kuchimbwa kwa mtambo, ambacho ni ghali na huenda maji yakakosekana au yakawa ya chumvi. Na paa je? Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita mraba moja ya paa, hiyo ni lita moja. Jengo lenye paa la mita mraba 300, mahali panapopata milimita 900 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 270,000. Toa thuluthi moja kwa kumwagika na kukauka, utabaki na lita 180,000, yaani siku 15 za maji kutoka kwa jengo moja tu. Shule ina majengo mangapi?

Kinachokosekana ni mifereji ya paa na mahali pa kuyaweka maji. Shule ikijenga tangi moja la lita 50,000 kila mwaka, katika miaka kumi itakuwa na nafasi ya lita 500,000, ambazo ni siku 41 bila kutegemea tone kutoka kwingineko. Hakuna mgeni wa heshima anayeitwa kuja kufungua tangi la saba. Pengine ndiyo sababu matangi hayajengwi.

Kuni nazo hufanana na hayo. Githeri ya wavulana 600 haipikwi kwa maneno. Shule nyingi hununua kuni kwa lori, na bei hupanda kila muhula, ilhali ekari kadhaa za shule zimeachiwa nyasi na mbuzi wa jirani. Mkaratusi huwa tayari kwa kuni baada ya miaka kama saba au minane. Ukigawa ekari za shule katika vipande vinane na kupanda kipande kimoja kila mwaka, mwaka wa tisa utaanza kukata kile cha kwanza, na mikaratusi huchipuka tena kwenye kisiki. Isipandwe karibu na chemchemi wala mto, kwani hunywa maji sana. Na jikoni mawe matatu yaondolewe, yawekwe majiko ya kisasa yanayobana moto, ambayo hupunguza kuni mno na kumwondolea mpishi moshi machoni. Mvulana atakayepanda mche wa kwanza hatakula githeri iliyopikwa kwa mti huo. Atakuwa amekwisha kuwa baba wa mtu. Lakini mwalimu wa kilimo anaweza kumweleza hayo, na wavulana huelewa zaidi ya tunavyodhani.

Masomo

Msomaji ataniuliza: na alama je? Kwani twampeleka mtoto shuleni kuvuna kuni?

La. Ila alama zenyewe zina hila. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A katika KCSE. Mwaka 2016, usimamizi wa mtihani ulipokazwa, waliopata A nchini kote walikuwa 141. Shule zilizokuwa zimejipangia kila kitu kwa kutegemea wastani wa alama wa mwaka mmoja zilipigwa na butwaa. Wastani wa mwaka mmoja huweza kupandishwa kwa njia nyingi, na nyingine si njema: kuwarudisha nyumbani wanyonge, kuwakaririsha, kuwaamsha watahiniwa saa tisa usiku. Mpango wa miaka kumi hauwezi kuwaamsha watu saa tisa usiku kwa miaka kumi.

Ukitaka kujua shule inaelekea wapi, usiangalie darasa la watahiniwa. Uliza ni nani anayewafunza wageni hisabati. Katika shule nyingi walimu hodari hupewa darasa la mwisho, nao wageni huachiwa yeyote aliye na nafasi, wakati mwingine kijana aliyemaliza shule mwaka uliopita akingoja kuingia chuo kikuu. Mvulana akipotea katika aljebra mwaka wa kwanza, hakuna masomo ya ziada ya likizo yatakayomrudisha mwaka wa mwisho. Kumhamisha mwalimu bora kutoka darasa la juu hadi la chini hakuhitaji harambee, lakini shule itakayofanya hivyo haitaona matunda kabla ya miaka mitatu, na katika muda huo wazazi watapiga kelele. Ndiyo sababu uamuzi huo uwe wa bodi na uandikwe, usiwe wa mwalimu mkuu peke yake.

Wageni hao hao ndio wanaoonewa. Katika shule za wavulana mateso ya wageni yamerithishwa kama mila. Aliyeteswa mwaka wa kwanza humtesa mwingine mwaka wa pili, naye husema ndivyo mtu anavyofanywa mwanamume. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini kiranja mwenye mshipi hakusoma gazeti rasmi la serikali. Shule iliyo makini huwapa wageni bweni lao na mwalimu anayeishi karibu, na huwaruhusu wavulana wenyewe kuwachagua viongozi wao. Mila ya namna hii haifi kwa hotuba moja. Inakufa pale kundi zima lisiloteswa linapofika darasa la juu bila kisasi cha kulipa, yaani baada ya miaka mitatu au minne ya ulinzi usiolegea.

Kuna pia suala la mtaala. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, wazazi walihimizwa kujenga karakana za useremala na ufundi kwa harambee. Walijenga. Baadaye masomo hayo yalipunguzwa, na karakana nyingi zikageuka mabohari ya madeski yaliyovunjika. Sasa mfumo mwingine umeingia. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu Januari 2026, KCSE ya mwisho ikiwa imepangiwa 2027, na shule zinatakiwa kujichagulia mikondo: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Maabara lazima ziongezwe. Lakini tukiwa tumeumwa mara moja, chumba chochote kipya kijengwe kwa namna ambayo kinaweza kutumika kwa kazi nyingine: kiwe kipana, chenye maji, umeme na meza zisizochimbiwa sakafuni.

Fedha

Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi ulitangazwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka kuanzia 2018, na walimu wakuu wamelia miaka mingi kwamba haufiki wote wala haufiki kwa wakati. Karo ya bweni nayo huwekewa kiwango na wizara. Kwa hivyo mzazi ataombwa kuongeza, na ana haki ya kuuliza. Ushauri wangu ni kuwa kabla ya shilingi ya kwanza kuingia katika jengo jipya, sehemu fulani ya mapato itengwe kila mwaka kwa ukarabati tu, isiguswe kwa safari wala kwa sherehe. Jengo lisilo na fedha za kulitunza ni deni.

Sehemu nyingine iwe ya wavulana wasio na karo. Mvulana akirudishwa nyumbani mara tatu kwa muhula, mara ya nne huenda asirudi. Kuna bodaboda, kuna machimbo ya mawe, kuna ziwa. Kwa mvulana wa miaka 16 anayejua kwamba mama yake ameuza kuku wa mwisho, shilingi mia tano za siku moja barabarani huzungumza kwa sauti kubwa. Basari za kaunti na za Hazina ya Maendeleo ya Eneobunge husaidia, ila huchelewa na hugawanywa zikawa vipande vidogo. Hapa ndipo wanafunzi wa zamani wanapofaa kuitwa. Katika orodha yetu ya wapitaji, hao ndio pekee wasiohama. Mtu alisoma hapo 1978 na bado anapataja kwa jina la bweni lake. Tusimwite kwa harambee ya basi tu. Aombwe kulipia mvulana mmoja kuanzia siku ya kuingia hadi ya kutoka, na atumiwe ripoti ya kila muhula.

Na ardhi. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi wakipinga ukuta uliojengwa kuzingira uwanja wao wa kuchezea. Shule nyingi humu nchini zimekaa kwenye ardhi zao miaka mingi bila hati, kwa kutegemea tu kwamba wazee waliotoa shamba wanajulikana. Wazee hao wanakufa, na wajukuu wao wanahitaji mahali pa kujenga. Kabla ya matangi, kabla ya mikaratusi, mpimaji aje, mawe ya mipaka yasimikwe na hati itafutwe.

Kila darasa humtoa mzazi mmoja katika chama cha wazazi. Mkutano mkuu ujao ukifika, mzazi huyo aombe kumbukumbu za mikutano ya miaka mitano iliyopita, azisome kabla ya siku yenyewe, na atoe orodha ya yaliyoahidiwa: lipi lilifanywa, lipi lilisahauliwa, lipi lilichangiwa pesa na halionekani. Orodha hiyo isomwe mbele ya wazazi wote, mwalimu mkuu akiwepo, hata kama amefika shuleni mwezi jana. Na kabla ya mkutano kufungwa, iulizwe ni nani atakayeisoma mwakani, jina lake liandikwe.